Nguo Zilizonunua Kisiwa: Hadithi ya Kilwa Kisiwani na Namna Inavyosimuliwa

Taifa likitaka kujua linavyojiona, na lisikilize hadithi linazowasimulia wageni wake. Kwa upande wa pwani yetu ya kusini, mahali pa kusikilizia ni Kilwa Kisiwani, kijiji cha wavuvi na wakulima kilichokaa katikati ya magofu ya mji uliopata kuwa miongoni mwa miji mikubwa ya pwani nzima ya Afrika ya Mashariki. Huko kila mgeni husimuliwa, kila siku hadithi hiyo husemwa upya, na kwa kusemwa mno imekuwa laini kama jiwe la kisimani linaloviringwa na kamba. Watu hawaisikii tena. Huipokea tu.

Nia yetu katika insha hii si kueleza historia yote ya Kilwa. Wapo waliokwisha kuifanya kazi hiyo kwa ujuzi mkubwa. Nia yetu ni kuitazama hadithi yenyewe kama mtu atazamavyo shairi: inaanzia wapi, inamtaja nani kwa jina na nani kwa sifa tu, inakaza sauti mahali gani na inapita upesi mahali gani. Maana hadithi ya mji nayo ni utungo, na hakuna utungo ulio juu ya uhakiki.

Safari ya kwenda huko siku hizi ni nyepesi. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, yale masaa ya kungojea kivuko cha Ndundu yamekuwa ngano za kuwachekeshea vijana. Mgeni hufika Kilwa Masoko yalipo makao makuu ya wilaya, akachukua kibali chake, akashuka gatini na kuvuka mlango wa bahari kwa mashua. Magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini. Na baada ya kazi kubwa ya ukarabati yakatolewa humo mwaka 2014. Katika miaka ya karibuni usimamizi wake umo mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Jambo hilo hatulilaumu, kwani gofu lenye mlinzi ni heri kuliko gofu lenye sifa tupu. Ila mtu hawezi kujizuia kutabasamu akiwaza kwamba masultani wa Kilwa, pamoja na fahari zao zote, sasa wanahesabiwa katika daftari moja na nyati.

Kabla ya kugusa ardhi mgeni huliona Gereza, ngome nyeupe iliyosimama ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, wakaihama mwaka 1512; jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waarabu wa Omani, la mwanzoni mwa karne ya 19. Neno lenyewe lina asili ya Kireno, na huko kwao maana yake ilikuwa kanisa. Jinsi kanisa lilivyogeuka ngome, na ngome ikageuka kifungo, ni jambo ambalo wanaisimu wetu wangeweza kulitungia kitabu kizima. Sisi tutalipita, kwa sababu ni hapo hapo, mbele ya lango la Gereza, ambapo hadithi huanza kusimuliwa, nasi twataka kuisikiliza.

Mpangilio wake hauna tofauti kubwa, awe msimulizi ni nani. Walikuja Washirazi, wakakinunua kisiwa kwa nguo. Akaja Ibn Battuta mwaka 1331, akausifu mji. Wakaja Wareno mwaka 1505, wakauteka na kuupora. Wakaja Waarabu wa Omani, wakafuata Wajerumani, kisha Waingereza. Yote hayo ni kweli, au yana ukweli ndani yake. Lakini msomaji na autazame muundo wa utungo huu. Kila mtendaji anatoka baharini. Kila kitenzi ni kuja. Wenyeji wamo, lakini wamo kama mchanga wa pwani ulivyomo: wa kukanyagwa na kila ashukaye chomboni. Hata anayesimulia, ambaye mara nyingi ni mtoto wa kisiwa hicho hicho, husimama nje ya hadithi yake na kuionyesha kwa kidole.

Chimbuko la mpangilio huo ni maandishi. Historia ya Kilwa imetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni kitabu cha Kiarabu kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, ambacho nakala yake tuliyonayo ilinakiliwa katika karne ya 19, ikatoka Unguja kwa mkono wa Sultani Barghash na kufikia hazina za vitabu za London. Ya pili ni muhtasari alioutia Mreno João de Barros katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1552. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili, yaliyoandikwa kutoka vinywani mwa wazee katika zama za Wajerumani. Wataalamu kwa desturi huyapa uzito maandishi mawili ya kwanza, kwa kuwa ni makongwe, na haya ya tatu huyaita ngano. Kwa mwanahistoria huenda hukumu hiyo ina haki. Kwa mhakiki haina, maana ngano husema yale ambayo kitabu cha mfalme kina sababu ya kuyanyamazia.

Na tuitazame basi hadithi ya nguo. Katika kitabu cha Kiarabu inasemwa kwamba mwana wa mfalme kutoka Shirazi alifika na chombo chake, akamkuta kisiwani mtawala asiyekuwa Mwislamu. Akataka kukinunua kisiwa. Mtawala akakubali kwa bei ya nguo za kutosha kukizunguka. Nguo zikatandazwa, nyeupe na nyeusi na za rangi nyingine, kisiwa kikazungukwa, mtawala akazikusanya akavuka kwenda bara. Huko nyuma ya moyo wake alikuwa na azma ya kurudi na jeshi wakati wa maji kupwa, kwani siku hizo mlango ule ulivukika kwa miguu. Mgeni akaarifiwa, akauchimba mlango ukawa bahari, na njia ya mwenyeji kurudi kwake ikakatika.

Hadithi hii husimuliwa kwa kicheko kidogo, na kicheko hicho ndicho kinachotutia shaka. Anayechekwa ni yule aliyeuza nchi kwa vitambaa. Mgeni anayesikiliza, awe wa kutoka Ulaya au wa kutoka Mwanza, huondoka na picha ya mtu aliye uchi, asiyejua thamani ya ardhi, akishangilia rangi za kaniki. Hatudhani kuwa watunzi wa kitabu walikusudia dhihaka hiyo tu. Walikusudia hati. Walitaka kuonyesha kwamba nyumba ya Washirazi haikupora kisiwa bali ilikinunua, tena kwa bei iliyotajwa, tena mbele ya mashahidi. Kwa lugha ya ofisini tungesema kuwa hii ni hati ya kumiliki kiwanja iliyoandikwa kwa ufasaha na mnunuzi, baada ya muuzaji kufa.

Lakini mwandishi wa hati huponyokwa na maneno. Kitabu hicho hicho kinakiri kwamba mnunuzi alipofika alimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na jamaa zake, na kwamba palikuwa na msikiti. Mwislamu huyo ndiye aliyekuwa mkalimani wa biashara ile na ndiye aliyetoa onyo juu ya jeshi. Alikuwa nani? Alitoka wapi? Msikiti aliujenga nani? Kitabu hakikai hapo hata kwa pumzi moja. Sisi tungekaa. Mji wenye msikiti, wenye watu wanaojua lugha ya mgeni na bei ya nguo, ni mji uliokwisha kuanza.

Masimulizi ya Kiswahili yanasema zaidi. Kwanza, yanampa mwenyeji jina: Mrimba. Pili, yanataja kwamba hata Mrimba hakuwa wa kwanza, kwani kabla yake walikwisha kupita watu wengine. Tatu, na hili ndilo kubwa, yanaeleza kwamba mgeni alimwoa binti wa Mrimba, na kwamba mtoto wa ndoa ile alipokua alikwenda bara kumwona babu yake, naye babu akamwachia mjukuu mamlaka yake. Hapo hadithi nzima hugeuka. Kumbe nguo hazikuwa bei ya kiwanja. Kila mtu wa pwani, na wa bara pia, anajua nguo zinazopelekwa kwa baba wa binti ni nguo gani na zina maana gani. Baba mkwe hauzi nchi, anampokea mkwe. Na nchi haikutoka katika ukoo wa Mrimba, bali ilirithiwa ndani yake kwa upande wa mama. Msimulizi wa Kiswahili alifahamu hivyo kwa sababu aliishi katika desturi hiyo. Mwandishi wa kitabu cha mfalme alifahamu pia, lakini hakuwa na faida ya kuyasema.

Je, ardhi yasemaje? Neville Chittick alichimba Kilwa kuanzia mwaka 1958 mpaka miaka ya 1960, na wengine wamechimba baada yake. Chini ya kuta za mawe walikuta makazi ya watu wa tangu karne ya 9 hivi, ya nyumba za miti na udongo, yenye vyungu vya kienyeji, mabaki ya kazi ya uhunzi, na ushanga uliotengenezwa kwa makombe ya bahari. Wenyeji wa Mrimba, kama tukipenda kuwaita hivyo, hawakuwa wakingoja mtu. Kisha, katika tabaka za kuanzia karne ya 12 hivi, wakakuta vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa tundu katikati, vya kutia katika kijiti cha kusokotea uzi. Tungeomba kila mgeni wa Kilwa aonyeshwe kigae kimoja cha namna hiyo kabla hajaonyeshwa kuba lolote. Mji uliosimuliwa kuwa ulinunuliwa kwa nguo ulikuwa na watu waliosokota uzi wao wenyewe. Hata Wareno walipoingia kwa nguvu mwaka 1505 waliandika kwamba pamba nzuri ilipandwa kisiwani kwa wingi.

Tusije tukatoka katika kosa moja na kutumbukia katika la pili. Kuna wazalendo wa siku hizi ambao, kwa kuchoshwa na hadithi ya wageni, wanataka kuifuta Shirazi isitajwe kabisa. Nalo halifai. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliotumia mifupa ya watu 80 wa kale kutoka miji ya pwani na bara jirani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, umeonyesha kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, iliyotoka hasa kwa mama, na kwamba sehemu ya Kiasia ilitoka hasa kwa baba wa Kiajemi, kuchanganyika kwenyewe kukianza kiasi cha mwaka 1000. Wataalamu wa maabara wametumia mitambo ya gharama kubwa kufika pale alipofika mzee wa Kilwa kwa sentensi moja: mgeni alimwoa binti wa Mrimba. Tunalisema hili bila kejeli kwa maabara. Tunalisema kwa ajili ya wale waliokuwa wakiliita neno la mzee yule ngano.

Sasa twende kwenye majengo, kwa kuwa nayo yana maneno yake. Mgeni huonyeshwa mengi: kuta za Makutani, msikiti mdogo wenye makuba na bakuli za kigeni zilizopachikwa darini, makaburi, visima. Tutasema juu ya mawili tu, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, maana hayo mawili yanabishana.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na mji, juu ya genge linalotazama bahari wazi. Aliijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, wakati dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe kupitia Sofala ilipokuwa ikipita katika mikono ya Kilwa. Ina vyumba zaidi ya 100, nyua pana, ngazi ya kushukia pwani, na birika la kuogea la pembe nane ambalo mpiga picha hawezi kuliacha. Ni kazi ya akili kubwa. Hata hivyo haikumalizika, na walioikaa hawakuikaa muda mrefu. Sisi kila tunapoitazama huona utungo wa mtu mmoja mwenye kipaji na haraka, aliyependa beti zake zisikike mbali kabla hajazitafutia kituo. Imejengwa ili itazamwe na anayekuja kutoka baharini. Mji uko nyuma yake.

Msikiti Mkuu uko katikati ya watu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12, ndogo, yenye dari bapa iliyobebwa na nguzo. Sultani yule yule wa Husuni aliupanua kwa ukumbi mkubwa wa matao na makuba juu ya nguzo zilizochongwa kwa jiwe zima la tumbawe. Zilipendeza, lakini hazikustahimili. Upanuzi ule ulianguka. Katika karne ya 15 ukajengwa tena, safari hii kwa nguzo za pembe nane zilizoundwa kwa mawe madogo na chokaa. Nguzo hizo ndizo zilizosimama mpaka leo. Hapo pana jambo la ufundi ambalo viongozi wa wageni hulipita upesi mno. Fundi wa pili hakumwiga wa kwanza, wala hakumdharau. Alishika umbo lake akabadili mfupa wake. Badala ya jiwe moja la kujivunia, alitumia mawe mengi yasiyo na jina yaliyofungwa kwa chokaa: tumbawe lililochomwa juu ya rundo la magogo, likaachwa miezi lizimwe na mvua, likapondwa, likachanganywa. Chokaa ni kazi ya watu wengi na ya subira, na humo mna jasho la wanaume na wanawake ambao hakuna kitabu kilichowaandika. Ikiwa tutaulizwa lipi kati ya majengo haya mawili ni tunu ya taifa, tutajibu bila kusita kwamba ni lile lililoanguka likainuliwa. Husuni ni sifa ya Sultani. Msikiti ni kazi ya mji.

Ila tusimwonee al-Hasan bin Sulaiman. Yeye na waliomtangulia walifanya jambo moja ambalo sisi watunga mashairi hatuna budi kuwashukuru kwalo. Walipiga sarafu ndogo za shaba, na juu ya sarafu hizo, upande mmoja waliandika jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, pande mbili hizo zikaafikiana kwa kina. Sarafu yenye vina! Mtu aliyekwenda sokoni kununua samaki alikuwa na mizani mfukoni. Chache katika sarafu za Kilwa zimefika mbali, mojawapo imeokotwa Zimbabwe Kuu, lakini nyingi zilibaki pale pale, zikizunguka mikononi mwa watu wa visiwa hivi. Ajabu ni kwamba katika ziara zote husemwa kwamba Kilwa ilipiga sarafu yake, na husemwa kama habari ya benki. Kina hakitajwi.

Turudi kwa nguo, maana Ibn Battuta naye ana kisa cha nguo. Aliusifu mji kuwa mzuri, uliojengwa vema kwa miti, sifa inayotukumbusha kwamba nyumba za miti na udongo anazozipita mgeni leo bila kuzitazama, akikimbilia mawe, nazo ni urithi. Huenda kwa umbo ni urithi wa kale kuliko mawe. Kisha akamsifu Sultani kwa ukarimu. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, fakiri kutoka Yemeni alimwendea Sultani njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu jambo hilo, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa Kilwa kama ushahidi wa wema. Sisi tunaomba kisimuliwe mpaka mwisho. Suti moja ya nguo, watu ishirini. Ukarimu ule ulikuwa na walioulipia, na hatujui jina la hata mmoja wao. Wala si jambo la karne ya 14 peke yake. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia ng'ambo, Kilwa Kivinje, ikawa kubwa zaidi, na njia zake zikafika mpaka ziwa Nyasa. Wako wanaotaka mambo haya yasemwe yote kwa jina la Waarabu, ili sisi tubaki na mawe masafi. Lakini aliyetia saini mwaka 1776 alikuwa mtawala wa Kilwa, wa nasaba iliyojihesabu kuwa ya kisiwa hicho. Ukiukubali Msikiti kuwa wako, ukubali na mkataba.

Vilivyo jirani na Kisiwani vinastahili siku zao, si saa zao kama ilivyo desturi ya wageni wenye haraka, hasa tangu meli kubwa za watalii zianze kutia nanga mlangoni na kuteremsha watu kwa ziara ya nusu ya siku. Songo Mnara, upande wa kusini, ni mji uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa katika karne ya 16. Humo msomaji ataelewa nyumba ya Mswahili kuliko mahali pengine popote: daka la kupokelea, ua, vyumba vya ndani vinavyofuatana kutoka cha wazi mpaka cha siri, vyembamba vyote kwa sababu upana wake ulikatwa na urefu wa boriti ya mkoko. Katikati ya mji pana uwanja wazi wenye makaburi na msikiti. Wafu hawakutupwa nje. Walikaa katikati ya walio hai, kama wazee barazani.

Kilwa Kivinje haipewi heshima yake. Haina makuba. Ina nyumba za ghorofa za karne ya 19 zinazobomoka, boma la Wajerumani, na mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga huko Hassan bin Omari Makunganya pamoja na wenzake, baada ya kuwasumbua kwa vita na kuishambulia boma yao mwaka mmoja nyuma. Mtu anayetoka kuonyeshwa birika la Sultani na asipelekwe Mwembe Kinyonga amesomewa utungo ulionyofolewa beti la mwisho. Tena hapa ndipo kwa mara ya kwanza, katika mpangilio ule wa kuja na kuja, mtendaji anatokea nchi kavu.

Na hakuwa wa mwisho. Kutoka Kivinje, ukiacha bahari nyuma na kupanda kuelekea kaskazini magharibi, unaingia milima ya Matumbi, katika wilaya hii hii ya Kilwa. Huko, katika kijiji cha Nandete, mwezi wa Julai 1905, watu waling'oa miche ya pamba katika shamba walilolazimishwa kulilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Wahenga wa kisiwani waliipanda pamba hiyo hiyo, wakaisokota kwa vigae vyao, wakaivaa. Mjerumani aliipanda kwa kiboko, akaipeleka Ulaya, ikarudi ikiwa nguo za dukani. Waliong'oa walijua walichokuwa wakiking'oa.

Hatujapata kuona ziara inayounganisha gati ya Kisiwani na mlima wa Nandete. Husemwa kwamba ni mbali, na kwamba huko hakuna cha kutazama. Ni kweli kwamba hakuna makuba. Kuna mashamba, na njia ya gari inayopitika vizuri wakati wa kiangazi.